Mabaharia Hewa wa Nahodha Feruzi

Nchi ninayoisimulia ina jina, lakini jina lenyewe limepelekwa kwenye kamati ili lifanyiwe maboresho, na kamati haijarudi. Kwa hiyo tuiite nchi yetu tu. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, wala asianze kumtazama jirani yake kwa jicho la kujua jambo. Hakuna jambo.

Nchi yetu ina pwani fupi, upepo wa kutosha na watu wapole. Tulikuwa tunaishi kama wengine mpaka Rais wetu wa kwanza alipoalikwa ughaibuni, kwenye mji mmoja wa baridi, akaonyeshwa kombe la fedha ndani ya kabati la kioo. Lilikuwa na tumbo, mkono na mdomo, kwa hiyo kwa macho ya mtu yeyote aliyelelewa vizuri lilikuwa birika. Wenyeji wakamweleza kwamba hilo ndilo kombe la mashindano ya dunia ya mashua za tanga, na kwamba hakuna nchi ya upande wetu iliyowahi hata kuomba kushiriki. Mmoja wao, pengine kwa nia njema, akacheka.

Rais hakucheka. Aliporudi alilihutubia taifa redioni, akaanza watu wakiwa wanakula chakula cha mchana, akamaliza wakiwa wanasonga ugali wa jioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "birika letu liko kwa watu."

Hatukuwa tumejua kwamba tuna birika, sembuse kwamba liko kwa watu. Lakini tulipoambiwa, tuliumia sana. Ikaundwa Wizara ya Tanga, Upepo na Heshima ya Taifa. Watoto wa darasa la kwanza wakakaririshwa sehemu za mashua kabla ya a, e, i, o, u. Huko bara, ambako maji mengi kuliko yote ni yale ya kwenye pipa, kila wilaya ilipata Afisa Upepo mwenye ofisi, bendera na pikipiki. Wako waliocheka. Mimi sioni cha kuchekesha hapo. Upepo uko kila mahali.

*

Nahodha wa taifa alikuwa Feruzi Shemweta, kijana mrefu mwenye sauti ndogo, aliyekuwa akivusha wauguzi na chanjo kwenda visiwa vya kusini katika miezi ambayo mashua nyingine zilikuwa zimefungwa. Alipewa mabaharia watano. Mmoja wao alikuwa Sikudhani, binti wa mshona matanga, msichana mwenye kicheko kilichokuwa kinasikika ng'ambo ya bandari. Kazi yake ilikuwa kushika kamba ya tanga kubwa, na mahali pake palikuwa tezini, nyuma ya chombo, bega kwa bega na mwenye usukani.

Katika mashindano ya kwanza tulikuwa wa mwisho. Mabaharia walirudi wakiwa na furaha, kwa sababu walikuwa wamefika. Feruzi na Sikudhani walirudi wakiwa wachumba, wakaoana kabla mashua haijakauka.

Wizara haikufurahi. Ilifanya tathmini na kugundua kasoro: tulikuwa na mabaharia sita majini lakini viongozi wawili tu nchi kavu. Nani angeshinda namna hiyo? Kwa hiyo katika safari ya pili msafara uliongezwa, na kwa kuwa ndege ya serikali ina viti vile vile, baharia mmoja aliombwa kumpisha Naibu Mkurugenzi wa Itifaki. Safari ya tatu, baharia mwingine alimpisha Mratibu wa Maombi na Dua. Safari ya nne walipisha wawili kwa mpigo, maana Mratibu alikuwa ameoa wake wawili.

Safari ya tano ilipokaribia, Feruzi na Sikudhani waliitwa ofisini kwa Waziri, Mheshimiwa Daktari Balozi Anselmo Ndimbwelu. Mheshimiwa aliwapokea kwa upendo, akawaagizia soda.

"Bi Sikudhani," alisema, "taifa linakushukuru. Kiti chako anakwenda kukikalia Mkurugenzi wa Utabiri wa Upepo."

"Anajua kushika kamba?" Sikudhani akauliza.

"Ana shahada ya uzamivu."

"Mheshimiwa, nikitoka mimi, Feruzi anabaki peke yake."

Waziri akaweka mkono kifuani. "Nahodha hayuko peke yake kamwe. Ana wananchi wote mgongoni."

Wakarudi nyumbani kwa miguu. Walipofika mlangoni, Sikudhani akamshika mumewe mkono.

"Tuache wote wawili, Feruzi. Tukavushe wauguzi wetu. Mimi nakwambia, tuache leo."

"Nikiacha mimi, nani atakwenda?"

"Asiende mtu. Birika likae liliko. Halilii njaa."

Feruzi alikuwa mmoja wa wale watu ambao ukiwaambia jambo linawategemea wao tu, hawawezi tena kulitua. Nchi yetu ina watu wachache wa namna hiyo, na tunawatumia sana.

*

Kanuni za mashindano zilikuwa wazi. Mashua inaweza kuendeshwa na mtu mmoja, au wawili, mpaka sita, ilimradi waliotangazwa ndio waliopanda. Tungeweza kabisa kumtangaza Feruzi peke yake. Lakini Wizara iliona kwamba si heshima kwa taifa zima kuonekana kwenye televisheni na mtu mmoja, kama mtu aliyekimbiwa na ndugu zake. Tukatangaza sita.

Kwa hiyo yalijazwa mchanga magunia matano, yakavalishwa sare za bluu, kofia na miwani ya jua, yakafungwa kila moja mahali pake chomboni. Kutoka ufukweni, kamera zikiwa mbali, yalipendeza. Yalikaa wima, yalitazama mbele, hayakupepesa. Mkurugenzi wa Itifaki alisema hajawahi kuona mabaharia wenye nidhamu kama hao. Kila gunia lilipewa jina na cheo, likaingizwa kwenye utumishi wa umma, na posho zao zilikuwa zinapokelewa na watu wao wa karibu, ambao kwa bahati nzuri wote walikuwa wanafanya kazi pale pale Wizarani. Gunia la tezini lilivaa sare ya Sikudhani, na liliitwa Sikudhani, kwa sababu jina lilikuwa limeshashonwa kifuani.

Tatizo la magunia lilikuwa moja. Mashua ya mashindano ikigeuka kuutafuta upepo upande wa pili, mabaharia huhama upande ili isilale. Magunia hayakuhama. Feruzi alilazimika kuufunga usukani kwa kamba, akayaburuta moja moja, kisha akarudi mbio kushika usukani. Mwanzoni aliyaburuta kimya kimya. Baadaye akawa anasema "samahani." Baadaye zaidi akawa anayaita kwa majina.

Mashindano yakiisha, msafara ulikuwa unapanda ndege siku ile ile, kwa kuwa viongozi wana majukumu. Mashua ilibaki ugenini kusubiri msimu mwingine, na mtu wa kuilinda alikuwa mmoja. Hivyo mwaka wa Feruzi ukakatika vipande: kipande kikubwa cha kule, kipande kidogo cha nyumbani. Kule alikaa chomboni, kwenye gati la mji wenye theluji ambako watu hawasalimiani mpaka wawe wametambulishwa. Alipika uji, akala amekaa katikati ya watumishi watano wa umma. Alikuwa anazungumza zaidi na yule wa tezini.

"Siku," alikuwa anasema, "nimeota tunakwenda kusini na chanjo. Ulikuwa unanicheka nilivyokosea kuingia kwenye mlango wa maji. Nikaamka ninacheka na mimi."

Au: "Siku, yale maneno uliyoniambia mlangoni ninayafikiria. Usidhani siyafikirii."

Gunia lilisikiliza vizuri sana.

Nyumbani, kile kipande kidogo, mambo yalikuwa tofauti. Sikudhani wa kweli alikuwa amejifunza kuishi na nyumba isiyojibu. Feruzi akiingia chumbani, alishtuka. Walikuwa wakiambiana "chai iko tayari" na "paa linavuja upande ule" na "wamekuja kukuulizia kutoka Wizarani." Feruzi alikuwa na mengi ya kusema lakini alikuwa ameshayasema. Sikudhani hakujua kwamba ameshaambiwa. Kile kicheko cha ng'ambo ya bandari kilikoma bila mtu kutambua ni lini.

Sisi wananchi tulikuwa hatuyajui hayo. Kila mwaka tulijaza viwanja kuangalia mashua yetu ikiwa ya mwisho, na kila mwaka Waziri alitutangazia kwamba tumejifunza mengi.

*

Sasa nifike kwenye ule mwaka wa msiba.

Siku ya mashindano kulivuma dhoruba ambayo hata wenyeji waliiogopa. Njia ilikuwa kutoka bandarini, kuzunguka kisiwa chenye mnara wa taa, na kurudi. Msafara wetu, uliokuwa sasa na vikundi viwili vya ngoma na bingwa wa taifa wa kukata utepe, uliamua kufuatilia mashindano kutoka ukumbi wa chakula wa hoteli, madirisha yakiwa yamefungwa.

Mashua za wenzetu zilikuwa nyepesi kama maganda ya karanga. Upepo ulizilaza moja baada ya nyingine. Wengine walipinduka wakaokolewa, wengine wakakata tamaa wakageuza. Yetu ilikuwa nzito, maana ilibeba mchanga wa kutosha kuanzia msingi wa nyumba, na upepo ukawa unaisukuma tu bila kuiweza. Feruzi alikuwa amezoea hali ya hewa mbaya tangu ujana. Alipunguza tanga, akaukumbatia usukani, akaenda. Kwenye kisiwa ilibidi ageuze mara nyingi, na kila mara aliyaburuta magunia yote matano, mawimbi yakimpiga mgongoni, yeye akipiga kelele: "Idrisa, sogea! Kapilima, shika hapo! Siku, mke wangu, vumilia, tumebakiza kidogo!"

Alipoingia bandarini hapakuwa na mashua nyingine. Alidhani wameshafika wote wakaenda zao, kama ilivyokuwa miaka yote. Akafunga kamba gatini. Akaanza kukamua soksi.

Baada ya muda mrefu ikaingia mashua ya bingwa mtetezi, mwanamke wa makamo aitwaye Ragna, mkimya, mwenye uso uliochanwachanwa na jua la baharini. Tanga lake lilikuwa limepasuka. Alifunga, akavuka gati, akasimama ukingoni kuitazama mashua yetu. Feruzi alikuwa amejifunza lugha ya kule kidogo kidogo, kwa kusikiliza watu wasiomsemesha.

"Umeshinda," Ragna akasema.

"Nani?"

"Wewe. Nyinyi. Wenzako wako wapi? Nataka kuwapa mkono."

Feruzi akawaonyesha. Akamtambulisha mmoja mmoja, kwa jina na cheo, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Ragna alishuka chomboni, akagusa kofia ya Idrisa, akabonyeza bega la Kapilima, mchanga ukachuruzika kwenye viatu vyake. Hakucheka. Alivua kofia yake iliyolowa, akakaa sakafuni, akatoa chupa ya supu ya samaki ya moto, wakanywa pamoja kwa kifuniko kimoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa sherehe ya ushindi wa taifa letu. Kisha akaenda kulileta birika, alilokuwa analitunza kama bingwa, akalikabidhi kwa mikono miwili.

"Na huyu wa pembeni yako?" aliuliza kabla ya kuondoka.

"Huyo ni mke wangu," Feruzi akajibu.

*

Feruzi alilifunga birika kwenye taulo, akalipeleka hotelini. Ngoma zilikuwa zinapigwa, wali ulikuwa unapakuliwa. Alimwendea Waziri, akalifunua mezani, kati ya kachumbari na maji ya kunawia.

Ngoma zikanyamaza. Mheshimiwa Ndimbwelu akalitazama birika kama mtu aliyeletewa kichwa cha ng'ombe asiyemjua.

"Umefanya nini, Feruzi?" alinong'ona.

"Nimeshinda, Mheshimiwa."

"Nani alikuruhusu?"

Akamvuta kando, nyuma ya pazia.

"Nahodha, sikiliza. Lengo la taifa ni kulitafuta Birika. Soma nyaraka zote. Hakuna mahali palipoandikwa kulipata! Tuna Wizara. Tuna Chuo cha Upepo. Tuna mkakati wa miaka hamsini, na tumefika mwaka wa kumi na moja tu. Maafisa Upepo wa kila wilaya, hawa wote unaowaona wanakula, wewe ukilipeleka Birika nyumbani kesho, waende wapi?"

"Warudi makwao, Mheshimiwa."

"Wakafanye nini?"

Feruzi alifungua mdomo kujibu. Halafu akajiuliza yeye mwenyewe akirudi kwake moja kwa moja atafanya nini, ataanza na neno gani.

Kesho yake asubuhi, nchi yetu ilikuwa ya kwanza katika historia ya mashindano hayo kukata rufaa dhidi ya ushindi wake. Majaji watatu waliketi. Mheshimiwa alisimama upande wa walalamikaji, akaeleza kwa uchungu kwamba mashua fulani ilikuwa imetangaza mabaharia sita huku watano wakiwa mchanga. Kisha, kwa kuwa yeye pia ndiye aliyekuwa mwakilishi wa mashua hiyo, alivuka chumba, akasimama upande wa walalamikiwa, akakiri kila kitu na kujiombea adhabu kali.

Majaji walitaka kumsikia nahodha. Kabla hajaitwa, Waziri alimshika bega.

"Feruzi, kijana wangu, miaka yote hii nimekuomba mambo mengi. Leo nakuomba moja. Sema ukweli. Nchi inakuhitaji useme ukweli, leo tu."

Jaji mkuu, mzee mwenye ndevu nyeupe, akamtazama Feruzi.

"Nahodha, ulikuwa na nani chomboni?"

Ragna alikuwa amekaa nyuma ukumbini. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama anayemwomba asijibu. Feruzi angeweza kuwataja. Aliyajua majina yao, alijua nani ana hasira na nani ni mvivu. Angeweza kusema nilikuwa na Idrisa, nilikuwa na Kapilima, nilikuwa na mke wangu, akaapa, na asingejiona mwongo.

"Nilikuwa peke yangu," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa sauti. Alisikia linavyosikika kwenye chumba chenye watu, akashangaa kwamba ni neno fupi hivyo.

"Na mashindano yaliyopita?"

"Peke yangu pia. Na yale ya kabla yake."

Majaji walinong'onezana. Mmoja wao aliinua miwani akajifuta macho. Jaji mkuu alisema kwamba hajawahi kusikia mtu mmoja aliyevuka dhoruba kama ile, na kwamba anasikitika, lakini kanuni ni kanuni. Birika likarudi kwa Ragna, ambaye alilipokea bila kulitazama na kutoka nje kabla ya picha.

Msafara wetu ulikumbatiana.

*

Nyumbani tulitangaziwa kwamba tumeporwa ushindi na mabeberu. Tukalia. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, na Bunge, kwa kauli moja, likaiongezea Wizara nguvu na Manaibu Waziri wawili.

Uwanja wa ndege ulifurika. Mlango wa ndege ulipofunguliwa, wakashuka mashujaa watano wenye sare za bluu na miwani ya jua, maana wananchi walikuwa wanawasubiri na ilibidi wapatikane. Idrisa alikuwa mpwa wa Waziri. Kapilima alikuwa shemeji wa Mkurugenzi wa Itifaki. Msichana mmoja mrembo, ambaye bahari alikuwa ameiona akiwa angani, alishuka akipunga mkono, na kipaza sauti kikanguruma: "Huyo ni Sikudhani! Mwanamama shupavu wa tezini!" Tukapiga vigelegele mpaka makoo yakakauka. Mashada ya maua yakavishwa, nishani zikabandikwa.

Feruzi alishuka mwisho, na mfuko wake begani. Maua yalikuwa yameisha. Idrisa alimpa mkono laini, akamwambia, "Tumepigana, Nahodha." Feruzi aliushika ule mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, akimtazama usoni kama anayemtafuta mtu. Kisha akauachia, akapita pembeni ya umati, akaenda kwake.

Sikudhani alikuwa uani, amekaa kwenye kibao, anamenya mihogo. Redio ilikuwa kwenye dirisha la jiko, bado inaimba nyimbo za taifa. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi upande mmoja, na Feruzi hakukumbuka kama aliziacha hivyo.

"Nimejisikia redioni nikishuka kwenye ndege," Sikudhani akasema bila kuinua uso. "Wanasema nililia kwa uchungu."

"Hakulia. Alikuwa anatafuna bigijii."

"Ni mzuri?"

"Ni mtoto tu."

Kisu kikaendelea. Feruzi akatua mfuko, akabaki amesimama.

"Siku, tulishinda," akasema. "Nilishinda. Nililishika birika kwa mikono yangu."

"Sasa liko wapi?"

"Wamelirudisha. Jaji aliniuliza nilikuwa na nani chomboni."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nilikuwa peke yangu."

Sikudhani aliumaliza muhogo aliokuwa anaumenya, akauosha, akauweka kwenye beseni pamoja na mingine.

"Wangekuja kuniuliza mimi hapa nyumbani," akasema, "ningewajibu hivyo hivyo."

Feruzi aliingia jikoni, akazima redio, akatoka na kisu. Akavuta ndoo, akaifudikiza, akaketi upande wa pili wa beseni, na Sikudhani, bado hajamtazama, akasogeza miguu kumpa nafasi.